Nilivyomuua Mjomba kwa Kibegi Chepesi

Leo sina pa kuuweka uso.

Naandika nikiwa Chiwata, nimekaa juu ya gogo nyuma ya jiko la mjomba, kwa sababu mbele ya nyumba siwezi kukaa. Watu wanapita njiani wanapunguza mwendo. Nimeona bora mlisikie kwangu kabla hamjalisikia kwa Mama Hadija, jirani yangu wa Newala, maana yeye akilisimulia litaota mkia na pembe.

Mnanijua. Mimi ni mtu wa njia. Ujanani nilikuwa mpakizi wa malori, na toka Masasi hadi Tunduru, Songea mpaka Mbamba Bay, hakuna aina ya gunia ambayo sijailalia. Nilipokuwa na miaka ishirini na miwili nilipanda meli ya Ziwa Nyasa. Mara moja tu. Milima ya Livingstone upande mmoja, maji upande mwingine, na mimi katikati nakula samaki wa kuchoma, nikidhani maisha yote yatakuwa vile. (Hayakuwa.) Sasa nina miaka arobaini na tano, nina mikorosho, na harufu ya dizeli ikinipitia puani bado nasimama ghafla kama mbwa aliyesikia anaitwa.

Wiki mbili zilizopita akanipigia Bosco. Bosco tulipakia malori pamoja. Siku hizi anapika kwenye meli ya ziwani.

"Njoo bwana," akasema. "Alhamisi tunatoka Mbamba Bay, tunagusa bandari zote mpaka Itungi, kule Kyela. Utalala kitandani kwangu, mimi nitalala jikoni. Kwenda na kurudi, na njia yako ya nchi kavu, siku kumi tu."

Siku kumi! Usiku ule sikufumba jicho.

Tatizo la kwanza lilikuwa Mama Zuhura, mke wangu. Mara ya mwisho nilipomuaga nakwenda Songea wiki mbili, nilirudi baada ya miezi saba. (Ni habari ndefu. Tusiingie huko.) Hakupiga kelele. Alinipa maji ya kuoga, akanipa chakula, akaningoja nimalize, halafu akasema, "Baba Zuhura, siku ukiondoka tena kwa kificho, nyumba hii usiihesabu." Nikaapa kwamba sitarudia. Tena niliapa mbele ya mjomba wangu! Na kwetu mnajua mjomba ni nani. Ndiye aliyenipeleka jandoni, ndiye aliyekwenda kuniposea. Kiapo cha mbele ya mjomba si cha kuchezea.

Kwa hiyo nikapanga niondoke kimya, nipige simu nikifika Songea. Niliamini mtu akiwa mbali ugomvi hupungua makali. (Nina kidato cha nne, lakini kuna siku hakionekani.)

Tatizo la pili lilikuwa mizigo ya watu. Mtaani kwetu ukitamka tu neno safari, kabla ya magharibi utaletewa korosho za shangazi wa fulani aliyeko Tunduru, unga wa muhogo wa kijana anayesoma Songea, na furushi la ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, kwa binti aliyeolewa mbali na amevikumbuka. Huwezi kukataa. Ukikataa mzigo umemkataa mwenyewe. Safari ile ya Songea nilibeba majogoo mawili ya watu wasiofahamiana, nayo hayakupatana tangu Masasi mpaka mwisho wa njia.

Safari hii nikasema hapana. Sitamwambia mtu. Nitakwenda mwepesi.

Sasa ruhusuni nijisifu kidogo, maana kufunga begi ndiyo kazi pekee niliyoifanya vizuri wiki hii. Fikirieni wenyewe. Newala asubuhi ukungu unafunga mpaka humwoni kuku wako. Ukishuka Masasi, jua linakupokea stendi. Songea mwezi huu baridi inang'ata masikio. Mbamba Bay joto, na melini usiku upepo. Kyela mvua inanyesha hata pale ambapo kwetu tumesahau mawingu yanafananaje. Nchi tano za hewa, begi moja! Nikachukua lile la mgongoni alilosomea Zuhura darasa la sita. Sheria yangu ikawa kila kitu kifanye kazi tatu. Kikoi: taulo, shuka, pazia. Sweta: sweta, mto, na ukiifunga mikono, mfuko. Koti la mvua la nailoni linalokunjika mpaka linaenea kiganjani. Soksi nene jozi moja. Mswaki nikaukata mpini. Sabuni nikaikata kipande cha ukubwa wa korosho.

Na bukta ya kuogelea.

Hii niliipata kwenye mitumba ya mnadani. Rangi ya chungwa, imejaa minazi, na kila mnazi umekaliwa na kasuku. Mzungu aliyeivaa kwanza bila shaka alikuwa mtu mwenye amani na dunia. Nikaikunja, nikaiweka chini kabisa. Nikaliinua begi kwa kidole kimoja. Likaja! Nikacheka peke yangu chumbani.

Juzi Mama Zuhura alikwenda shambani kwetu Chilangala, na alikuwa arudi leo asubuhi. Kwa hiyo leo alfajiri, kabla hajarudi, nikavaa sweta, nikatoka. Ukungu ulikuwa mzito, nikajua hakuna atakayeniona.

Mama Hadija alikuwa anafagia uwanja. (Anafagia ukungu? Sijui. Yule mama halali.)

"Shikamoo, Mama Hadija."

"Marahaba, Baba Zuhura. Mbona mapema?"

Nikasema la kwanza lililonijia. "Nakwenda Chiwata mara moja. Kwa mjomba."

Akaniangalia. Akaliangalia begi. Akaiangalia mikono yangu, wa kulia, kisha wa kushoto.

"Kwa mjomba?"

"Ndiyo."

"Hivyo hivyo?"

"Hivi hivi. Mama Zuhura akirudi mwambie."

Akaliegemeza fagio ukutani taratibu. "Haya, baba. Pole sana."

Nikadhani ananipa pole ya baridi. Nikamshukuru, nikaenda zangu. Njiani nikaizima simu.

Saa mbili na nusu nilikuwa Masasi, tiketi ya Songea mfukoni mwa begi. Basi la saa nne. Nikakaa dirishani, nikavua sweta, jua likanipiga usoni, na nawaambieni ukweli, nilikuwa na miaka ishirini na miwili tena. Nilitamani kumwimbia abiria mwenzangu.

Saa nne kasoro kidogo likaingia stendi lori dogo limejaa watu. Nyuma kuna kuni. Kuna magunia ya unga. Kuna majembe mawili. Kuna masufuria makubwa ya shughuli, na moja lina kiraka ambacho nilikipiga mimi kwa mikono yangu. Masufuria ya mtaa wetu! Na mbele, karibu na dereva, Mzee Rashidi, mwenyekiti wetu wa mtaa, amevaa kanzu, amekumbatia kitambaa cheupe kilichokunjwa. Sanda.

Nikajikunja chini ya dirisha wasinione. Lakini nikawahurumia. Nikasema, maskini, nimeondoka asubuhi moja tu na mtaani pameharibika. Nani tena?

Nikachungulia. Katikati ya wanawake alikuwa Mama Zuhura, khanga kichwani, analia.

Mwanangu Zuhura yuko chuoni Mtwara. Sitawaelezeni moyo wangu ulifanya nini. Nikamshika konda mkono. "Kaka, niulizie pale, msiba wa nani?"

Konda hana sauti ya faragha. "Jamani eee! Msiba wa nani?"

Wakajibu wote. "Mjomba wake Baba Zuhura! Wa Chiwata!"

Hapa mtu mwenye akili angejiuliza maswali mawili matatu. Mimi niliamini. Niliamini kwa moyo wote! Nikasema, alfajiri nimelitumia jina la mjomba kama kichaka cha kujificha, na Mungu amemchukua humo humo kichakani. Nikashika begi, nikateremka huku nalia.

"Mzee!" konda akaita. "Gari linaondoka! Na tiketi hairudishwi!"

"Liende!"

Likaenda. Meli ya Bosco, samaki, milima, vyote vikatoka stendi ya Masasi na moshi wake, na mimi sikugeuka. Nataka mlikumbuke hili mtakaponihukumu.

Waliponiona wakashuka kunipokea. Walinisaidia kupanda kama mgonjwa. Mama Zuhura akanishika mkono mbele za watu, jambo ambalo hajalifanya tangu tuoane.

"Nimekupigia simu mpaka basi," akasema. "Nikajua huko uliko huna nguvu hata ya kupokea. Mume wangu, nisamehe."

"Nikusamehe nini?"

"Mama Hadija aliponiambia umeondoka na begi, kwanza nilidhani yale yale ya safari. Nikakutukana moyoni. Kumbe mwenzangu umefiwa."

Jamani. Yale machozi ya kwanza yalikuwa ya mjomba. Ya pili sijui yalikuwa ya nani, lakini yalikuwa mengi zaidi. Njia nzima watu walinipangusa kwa zamu.

Tulipokaribia nyumba ya mjomba palikuwa kimya. Hakuna viti, hakuna watu.

"Watu wachache," akasema Mzee Rashidi, anatikisa kichwa. "Ndiyo maana jirani hawezi kuachwa peke yake."

Wanawake wakaanzisha kilio. Mimi nikatangulia. Nikakimbia, nikapiga magoti mbele ya kibaraza, nikapiga udongo kwa viganja viwili. "Mjombaaa! Umeniacha na nani, mjomba! Umeniacha wapi!"

Sauti ikatoka nyuma ya mgongo wangu.

"Kwani ulikuwa wapi?"

Nikageuka. Mjomba amesimama na sahani ya ming'oko, anatafuna.

Mtu aliyelelewa vizuri mdomo wake hufanya kazi peke yake. Nikasema, "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Nani kafa?"

Kilio kikakatika kipande kipande, isipokuwa mama mmoja wa nyuma kabisa ambaye alikuwa haoni, akaendelea: "Alikuwa mtu wa watu! Alikuwa mtu wa watu!"

"Mwambieni yule anyamaze," akasema mjomba. "Ananitia wasiwasi."

Mikeka ikatandikwa. Tukakaa. Mzee Rashidi alikuwa ameficha sanda mgongoni, lakini kitambaa chenyewe ni kirefu, ncha ikaning'inia.

"Hicho nini, Mwenyekiti?"

"Hiki? Hiki ni... zawadi yako, mzee."

Mjomba akakipokea, akakikunjua, akakipima kwa mikono. "Hiki hakinifiki. Mimi mrefu kuliko hivi." Akakikunja, akakiweka kando yake. Hakukirudisha. "Haya. Nani alisema nimekufa?"

Mzee Rashidi akamtazama Mama Hadija.

"Mimi? Mimi sikusema amekufa!" Mama Hadija akanyoosha kidole. "Alisema mwenyewe, huyu!"

"Nilisema nakwenda kwa mjomba," nikajitetea. "Basi."

"Basi? Unakwenda kwa mjomba mikono mitupu! Huna kuku, huna unga, huna hata sukari ya kutia kwenye chai! Alfajiri, mbio mbio, na kibegi cha mtoto wa shule! Jamani, niambieni nyie. Mtu anakwenda hivyo kwa mjomba aliye hai?"

Mkeka mzima ukaguna. Hapana, haendi hivyo. Nikamtazama mjomba anisaidie.

"Hata mimi ningelia," akasema mjomba.

"Lakini si mngepiga simu!" nikasema.

"Yako umezima," akajibu Mama Hadija. "Ya mjomba, nani ampigie marehemu?"

Hapo tungeweza kucheka, tukala, tukarudi nyumbani. Tulikuwa karibu sana. Mama Zuhura alikuwa ameanza kutabasamu, ananitazama kwa upole kama mtu aliyepata nafuu. Lakini mjomba akafuta mikono, akasema, "Hebu ngojeni. Mpwa wangu hawezi kuja mikono mitupu. Bila shaka zawadi imo ndani ya begi. Fungua."

"Hamna kitu, mjomba. Ni nguo tu."

"Fungua, mpwa."

Nikalikumbatia begi. Ndipo Mama Zuhura akasema maneno ambayo yatanifuata mpaka kaburini kwangu, safari hii la kweli: "Mjomba, mume wangu siku hizi hana siri. Lete, nitafungua mimi."

Akafungua. Tena alifungua kwa fahari.

Akatoa kikoi. Akatoa kipande cha sabuni. Akatoa mswaki usio na mpini, akaugeuza, akauweka chini. Akatoa sweta. Akatoa soksi nene.

"Hizi za nini?" akauliza mjomba. "Chiwata kumeanguka theluji?"

Akatoa koti la mvua. Watu wote wakatazama juu. Hakuna wingu.

Kisha akaingiza mkono mpaka chini, akavuta, na ikatoka ile bukta. Akaishika pembe mbili, akaiinua juu aione vizuri. Jua likapita ndani yake. Kasuku wote wakawaka.



"Baba Zuhura," akasema Mzee Rashidi kwa sauti ya chini, "hii ndiyo ulikuwa umzikie mjomba?"

Hapo ndipo yule mama wa nyuma, mtu wa watu, alipoanza kucheka. Alicheka mpaka akashikwa mgongo. Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa nahesabu nyuzi za mkeka. Nilipoinua macho, Mama Zuhura alikuwa hacheki. Alikuwa amefungua zipu ya mfuko wa mbele, na mkononi ana tiketi. Akaisoma taratibu, jina langu lote, halafu akasoma tena.

"Masasi. Songea."

Nikaeleza. Nikaeleza habari za Bosco, meli, ziwa, milima. Nikaeleza hata samaki. Nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kuzama. Mjomba akajifuta uso kwa ncha ya sanda.

Mama Zuhura hakupaza sauti. Aliikunja ile bukta vizuri, pindo juu ya pindo, kama nguo ya mtu wa maana, akairudisha begini.

"Siku ngapi?"

"Kumi."

"Na mimi ningejua lini?"

"Nikifika Songea."

Akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyeuliza njia akaelekezwa. Kisha akainuka akaenda kuwasha moto.

Maana mjomba alikuwa ameshatoa amri. "Unga umefika, kuni zimefika, haviwezi kurudi. Pikeni. Si kila mtu anayepata kula kwenye matanga yake." Akala sahani mbili. Aliposikia Mzee Rashidi alikuwa ameandaa maneno ya kumsifu marehemu, akataka asomewe. Sehemu ya ukarimu wake akaomba irudiwe. Mimi nilipewa sahani, lakini chakula hakikushuka.

Mchana lori likageuza. Nikachukua begi, nikaenda kupanda na wenzangu.

"Mama Zuhura, nisogee wapi?"

Alikuwa amekaa juu ya gunia tupu, khanga sasa imeshuka mabegani. "Husogei," akasema. "Ulitaka siku kumi. Zimalizie hapa. Mikorosho ya mjomba imezidiwa na majani, mzee hana mtu. Siku ya kumi na moja njoo ubishe hodi kama wageni wengine. Nikiona umebadilika nitakufungulia. Nikiona hujabadilika nitakwambia kwa dirishani."

"Mbele za watu, mama?"

"Uliniliza mbele za watu."

Mkono ule alionishika stendi bado nausikia mkononi mwangu, na najua kabisa sikuustahili.

Lori likaondoka. Mama Hadija akanipungia.

Mjomba amenipa jembe. Suruali yangu moja niliyokuja nayo imechanika gotini pale nilipomlilia, na mke wa mjomba ameichukua kuishona, kwa hiyo jioni hii nimepalilia mistari mitatu ya mikorosho nikiwa na minazi na kasuku. Nchi tano za hewa nilizofungashia, hii ya sita sikuifikiria. Simu nimeiwasha, na Bosco amepiga.

"Upo Songea?"

"Nipo msibani."

"Oo, pole sana. Nani kafariki?"

Nikakata simu.

Nimemwandikia Mama Zuhura ujumbe wa kuomba radhi, mrefu, umemtaja Mungu mara nne. Amejibu neno moja: "Palilia."

Basi ndugu zangu, nawaombeni msicheke. Na mkishindwa kabisa, chekeni polepole: mjomba kajinyoosha hapo kibarazani, anasema kufa kumemchosha.